Bunduki za Wamarekani, TV na hofu ya mtu mweusi: yanayosemwa na yalivyo kweli

Kila zikisikika risasi Marekani, shule au supamaketi, kwenye magrupu ya WhatsApp yanaanza yaleyale: wale wana bunduki sababu majambazi ni wengi, wale katiba yao imewaruhusu, wale wamezidisha muvi. Katiba kweli ipo, sibishi. Ila katiba ni ya tangu karne ya 18 na haielezi kwa nini nchi moja ina bunduki milioni 393 mikononi mwa raia, yaani nyingi kuliko watu wenyewe (hiyo ni hesabu ya 2017 ya Small Arms Survey, watafiti wa silaha duniani). Hapo lazima uongelee hofu, nani anaichochea, na inamwangalia nani.

Dhana: "Wananunua bunduki sababu uhalifu unazidi kupanda"

Kinyume chake kabisa. Kwa takwimu za FBI, kati ya 1993 na 2022 uhalifu wa kutumia nguvu ulishuka karibu nusu. 2020 mauaji yaliruka kwa karibu 30%, hiyo ni kweli na haifichwi, lakini baadae yakarudi chini. Sasa cheki hii: Gallup, kampuni ya kura za maoni, wana kawaida ya kuwauliza Wamarekani kama uhalifu umeongezeka kuliko mwaka uliopita, na karibu kila wakiuliza wengi wanajibu ndio umeongezeka. Mwaka 2023 walisema hivyo 77%, na mwaka huohuo mauaji yalishuka kwa zaidi ya 10%. Yaani mtu anaishi mtaa uliotulia, hajawahi kuibiwa hata baiskeli, ila anaapa nchi inaungua. Kaipata wapi?

Na sababu za kumiliki nazo zimegeuka. 1999 ukiwauliza wenye bunduki, karibu nusu walikuwa wanasema ni ya kuwindia na robo tu ndo wanasema ya kujilinda. 2023 waliosema kujilinda ni sababu kubwa wamefika 72%. Uhalifu umeshuka, wa kujilinda wameongezeka, sasa hapo tuambieni.

Ukitaka kujua kinachouza bunduki usiangalie majambazi, angalia kalenda ya siasa. Desemba 2012, watoto wamepigwa risasi shule ya Sandy Hook na Obama ameanza kuongelea sheria kali, maduka yakajaa watu. Juni 2020, corona imewafungia watu ndani, maandamano ya George Floyd, mweusi aliyeuawa na polisi, yako TV mchana na usiku, FBI wakapokea maombi karibu milioni 3.9 ya kukagua rekodi za wanunuzi kwa mwezi mmoja. Afu kichekesho: Trump, rafiki mkubwa wa wenye bunduki, aliposhinda mauzo yakadorora, na Machi 2018 kampuni kongwe ya bunduki ya Remington ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Hofu ikapungua kidogo tu na biashara ikayumba, japo Remington walikuwa na madeni yao mengine pia.

Dhana: "TV wanaonyesha tu kilichotokea"

Wanachagua, bwana. Wasomi wawili, Travis Dixon na Daniel Linz, waliangalia habari za TV za Los Angeles na kuzilinganisha na rekodi za polisi za hukohuko. Weusi walikuwa 37% ya wahalifu walioonyeshwa kwenye habari, wakati kwenye rekodi za waliokamatwa walikuwa 21%. Wazungu ikawa kinyume, kwenye TV walionekana wachache kuliko waliokamatwa. Hapo ripota hajadanganya hata sentensi moja, kila tukio lilitokea kweli, ila mtu anayeangalia hizo habari kila jioni kwa miaka 20 tayari ana picha kichwani ya jambazi anafananaje.

Na kuna wakati walidanganya kabisa, au tuseme walirusha uvumi bila kuuhakiki. Kimbunga Katrina, New Orleans, 2005. Kuna picha mbili zilizunguka dunia nzima wiki ile. Kwenye moja kijana mweusi anatembea kwenye maji ya kifuani na vyakula mkononi, maelezo yakasema ametoka kupora duka. Nyingine ni wazungu wawili, maji yaleyale, vyakula vilevile, maelezo yakasema wamepata mkate na soda dukani. Wapiga picha walikuwa wa mashirika mawili tofauti na kila mmoja alikuwa na utetezi wake, sawa, ila aliyeziona zote mbili alielewa bila kufafanuliwa.

Halafu uwanja wa Superdome, walikojihifadhi maelfu ya watu, wengi wao weusi na maskini. Tukaambiwa humo ndani watoto wanabakwa, watu wanachinjana, maiti zimelundikana. Walipokwenda kuchukua miili walibeba lori la friza wakitegemea kama 200, wakakuta sita, wanne wamekufa kwa maradhi, mmoja kwa kuzidisha madawa na mmoja amejiua. Hakuna hata mmoja aliyeuawa. Ila mpaka masahihisho yanatoka watu walishachukua silaha. Kwenye kitongoji cha Algiers Point, ambacho hata maji hayakufika, baadhi ya wakazi wazungu walifunga barabara kwa magogo na kukaa na bunduki wakisubiri waporaji, na wanaume weusi waliokuwa wanapita kutafuta usafiri wa kutoka mjini wakapigwa risasi. Mmoja wa wale walinzi wa kujiteua alifungwa miaka 10, lakini hukumu ilikuja 2019. Miaka 14 baadae!

Dhana: "Mzungu ana haki ya kumwogopa mweusi, takwimu ziko wazi"

Takwimu ziko wazi kweli, tatizo hawazisomi. Kwa data za FBI za 2019, karibu 8 kati ya wazungu 10 waliouawa waliuawa na mzungu mwenzao. Mauaji mengi yako hivyo, ya watu wanaojuana na kuishi jirani: mume na mke, shemeji, mlevi mwenzie. Miaka ya 90 profesa mmoja, John DiIulio, alitabiri kuna kizazi cha vijana katili wasio na utu kinakuja, magazeti yakaivalia njuga, majimbo yakabadili sheria ili watoto washtakiwe kama watu wazima. Kizazi hicho hakikuja, uhalifu wa vijana ukaporomoka, na profesa mwenyewe baadae akakiri alikosea. Waliofungwa hawakurudishiwa miaka yao.

Dhana: "Bunduki nyumbani ni usalama"

Aprili 2023, Kansas City, Missouri. Kijana mweusi wa miaka 16, Ralph Yarl, katumwa usiku kuwachukua wadogo zake mapacha kwa rafiki zao. Nyumba iko 115th Terrace, yeye akaenda 115th Street. Akabonyeza kengele, akasubiri. Mwenye nyumba, mzee wa kizungu wa miaka 84, akaja na bastola na kufyatua kupitia kioo cha mlango, risasi moja kichwani na nyingine mkononi. Dogo hakuwa na chochote. Polisi walipomhoji mzee alisema aliogopa sana kwa jinsi kijana alivyo mkubwa, wakati familia inasema ni kijana wa umbo la kawaida tu. Na aliyeongea kilichonigusa zaidi ni mjukuu wa huyo mzee, aliwaambia waandishi babu yake siku hizi anashinda kwenye kiti anaangalia chaneli za habari za kutia watu hofu saa 24. Kijana alipona, mzee alikiri kosa Februari 2025 na akafa siku chache tu baadae, kabla hajahukumiwa.

Siku mbili baada ya tukio lile, kijijini jimbo la New York, gari la vijana liliingia kimakosa kwenye uwanja wa mtu, akatoka na kufyatua, akamuua msichana wa miaka 20. Msichana huyo alikuwa mzungu. Hofu ikishaota mizizi haiangalii tena ilianzia kwa nani.

Na hao ni wachache ukilinganisha na wanaojimaliza wenyewe. 2021 risasi ziliua watu 48,830 Marekani na 26,328 kati yao walijiua. Zaidi ya nusu! Hili si jipya, 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha utafiti kwamba nyumba yenye bunduki ina hatari ya mauaji karibu mara 2.7 ya isiyo nayo. Bunge lilivyojibu sasa: 1996 likaikata CDC, taasisi ya serikali ya afya ya jamii, dola milioni 2.6, kiasi kilekile ilichotumia mwaka uliotangulia kutafiti bunduki. Kwa zaidi ya miaka 20 utafiti ukawa kama umezikwa.

Dhana: "Haki ya silaha Marekani ni ya kila mtu"

Kwenye karatasi. 1956 nyumba ya Martin Luther King ilipigwa bomu huko Montgomery, akaomba kibali cha kubeba silaha, akanyimwa. Mei 1967 Black Panthers, kikundi cha wanaharakati weusi, wakaingia na bunduki kwenye jengo la bunge la California, na sheria ilikuwa inawaruhusu, basi gavana Ronald Reagan akasaini haraka sheria ya kuzuia kubeba silaha hadharani na NRA, chama haohao cha kutetea wenye bunduki, wakaiunga mkono. 2016 Minnesota, Philando Castile, dereva mweusi, anasimamishwa na polisi, anamwambia kwa adabu kwamba ana bastola na ana kibali, anapigwa risasi mbele ya mpenzi wake na mtoto wa miaka minne. Polisi aliachiwa huru mahakamani.

Ndo maana mi siwashangai weusi na Waasia waliokimbilia maduka ya bunduki 2020. Wanunuzi wa mwanzo waliogopa mambo ya kwenye TV, hawa wanawaogopa walioogopeshwa na TV, na muuzaji anapokea hela za wote wawili. Ila hatari ya bunduki kuwa ndani haijali imenunuliwa kwa sababu gani, na 2022 kwa mara ya kwanza tangu takwimu zianze kuwekwa, kiwango cha vijana weusi wa miaka 10 mpaka 19 wanaojiua kwa bunduki kilipita kile cha wazungu wa rika lao.