Rikota: maana yake ni "iliyopikwa tena"

Ukiuliza namna ya kutengeneza rikota nyumbani, mara nyingi utaambiwa: chemsha maziwa, kamulia ndimu, subiri yakatike, chuja kwa kitambaa. Utapata kitu cheupe na laini, kitamu pia. Lakini hicho si rikota, na jina lenyewe linakataa.

Waitalia huandika ricotta. Ri ni "tena", cotta ni "iliyopikwa". Kwa hiyo jina linatudai jibu: kilipikwa nini mara ya kwanza?

Mara ya kwanza yalipikwa maziwa, na shabaha haikuwa rikota bali jibini nyingine, kwa mfano pecorino, jibini ngumu ya maziwa ya kondoo. Mfugaji hupasha maziwa hadi yawe vuguvugu, kisha huyatia reneti, yaani kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la nne la ndama, mwanakondoo au mwanambuzi anayenyonya. Baada ya muda maziwa hushikana yote, yakawa kama uji uliopoa. Yakikatwakatwa hujitenga: mabonge hushuka chini, na maji ya rangi ya manjano inayoelekea kijani hubaki juu. Mabonge huchukuliwa kwenda kuwa jibini. Maji ndiyo yanayobaki sufuriani, nayo si kidogo. Katika lita 10 za maziwa ya ng'ombe, karibu lita 9 huishia kuwa maji hayo.

Ukiyatazama utadhani hayana kitu, kumbe yana sukari ya maziwa karibu yote na sehemu ya protini. Katika maziwa ya ng'ombe, kama asilimia 80 ya protini ni kasini. Kasini hushikwa na reneti au na asidi, na ndiyo inayojenga jibini tunazozijua. Asilimia 20 iliyobaki ni protini za namna nyingine, na hizi reneti haiziwezi. Hupita na maji. Kinachoziweza ni moto. Fikiria ute wa yai: ukiwa mbichi unaona hadi upande wa pili, ukipata moto hugeuka mweupe na kushikana. Protini hizi hufanya vivyo hivyo. Mpishi hurudisha maji yale jikoni, huyapandisha taratibu hadi nyuzi 80 na kitu, yasitokote, na pengine huongeza chumvi, siki kidogo au maziwa kiasi ili apate nyingi zaidi. Kwanza hutaona lolote. Halafu chembe nyeupe huanza kupanda, huungana, na uso wa sufuria hufunikwa na wingu jepesi. Hapo ndipo rikota inapozaliwa, na hapo ndipo penye lile neno "tena".

Huchotwa pole pole kwa upawa wenye matundu na kutiwa katika vikapu vidogo. Zamani vilisukwa kwa matete. Siku hizi vingi ni vya plastiki. Haikandamizwi. Hujichuja kwa uzito wake, ndiyo maana rikota ukiipindua kwenye sahani hubaki na chapa ya kikapu ubavuni.

Sheria ya Italia nayo haiiiti jibini. Sheria ya mwaka 1925 iliweka jina formaggio, yaani jibini, kwa kile kinachotokana na maziwa au krimu iliyogandishwa kwa reneti au asidi. Rikota hutoka kwenye maji yaliyobaki, basi huitwa latticino, zao la maziwa. Kiswahili hakina neno la kutenganisha hivyo, na sioni kosa mtu akiiita jibini. Kosa ni kusahau inakotoka.

Nalisema hili kwa kuwa lilinigharimu. Nilikatisha maziwa kwa ndimu, nikachuja, nikayaweka yale maji nikiamini sasa nitapata rikota ya kweli. Niliyachemsha hadi yakapungua, nisipate kitu. Sababu niliijua baadaye. Maziwa yakipata moto mkali kabla ya ndimu, zile protini za moto hujibandika kwenye kasini, na ndimu ikiingia zote hushuka pamoja. Maji yanayobaki yameshanyang'anywa kila kitu. Ile "rikota" ya ndimu ni ndugu wa panir ya Wahindi, inayojulikana sana katika majiko ya Kihindi ya Mombasa na Dar es Salaam, ila tu haijakandamizwa. Ni chakula kizuri chenye jina lake. Mdomoni pia tofauti ipo: ya ndimu hutafunika, rikota huyeyuka, na ina utamu mdogo unaotokana na ile sukari iliyobaki katika maji.

Anayetaka kuifanya nyumbani basi aanze na jibini. Maziwa yawe mapya, si yale ya pakiti ya kukaa miezi, kwa kuwa yale yameshapita kwenye moto mkali mno na reneti huyashika kwa shida. Yakiwa mabichi, yashikilie kwenye nyuzi 63 kwa dakika 30. Vijidudu hufa, homa ya brusela ikiwa miongoni mwa tunayoikwepa, na protini nyingi hubaki salama. Maji yakishatoka, yapike siku hiyo hiyo. Yakilala huchachuka, na kazi huharibika. Wala usitarajie mlima: lita 9 za maji ya maziwa ya ng'ombe hazitoi zaidi ya nusu kilo, mara nyingi chini ya hapo. Maziwa ya kondoo hutoa zaidi, maana yana protini nyingi, na ndiyo yanayotumika katika Ricotta Romana ya mkoa wa Lazio, ambayo jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2005.

Ikiwa mbichi, rikota hujaza ravioli, yaani vifuko vidogo vya tambi, na katika Toscana huchanganywa na mboga za majani kufanya gnudi, madonge ambayo ni kama ravioli iliyovuliwa tambi yake. Kwa kazi hizi iache ijichuje usiku kucha, la sivyo tambi italowa na kupasuka majini. Sicilia huitia sukari na kujaza cannoli, vibomba vya unga vilivyokaangwa. Huko huko huitia chumvi na kuikausha hadi iweze kukwaruzwa. Ndiyo inayonyunyiziwa juu ya pasta alla Norma, tambi za Catania zenye biringanya na nyanya. Napoli huioka katika pastiera, keki ya ngano ya Pasaka.

Na hata baada ya rikota, sufuria bado ina maji. Waitalia huyaita scotta, na wafugaji huwapa nguruwe. Mimi huyakandia unga wa mkate badala ya maji ya bomba, yakishapoa. Nikiwa nimetia chumvi kwenye rikota, ya mkate huipunguza. Sukari ya maziwa haipunguzwi na hamira, kwa hiyo yote huingia nayo kwenye oveni na ganda hubadilika rangi mapema. Nashusha moto kidogo na kukaa karibu na mlango wa oveni.