Kuponi hakuna, punguzo lipo: linaishia kwangu dukani

Wiki iliyopita nimeonyeshwa tena ile video. Mama wa Kimarekani, toroli limejaa dawa ya meno, sosi na sabuni mpaka pomoni, keshia anapitisha vikaratasi kwenye mashine, na jumla inashuka hadi zinabaki dola chache. Halafu swali: "Mangi, hizi kuponi hapa Mbeya zinapatikana wapi?" Mangi ni jina wanaloitwa Wachaga wenye maduka; mimi kwetu ni Rungwe, ila jina hilo nimeshalizoea. Kilichonichosha ni swali. Nina duka la jumla na rejareja Mwanjelwa. Naeleza mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia hapa.

Kuponi ile si zawadi ya duka. Ni hela ya kiwanda. Kiwanda kinatoa kikaratasi cha punguzo la, tuseme, senti 50 kwenye dawa ya meno. Mteja anakikata gazetini au anakipakua kwenye simu, duka linampunguzia senti 50, kisha linakusanya vikaratasi na kuvipeleka kwa kampuni ya kuvihesabu, na kiwanda kinalirudishia duka hela yake pamoja na senti kidogo za usumbufu. Coca-Cola walikuwa wanagawa tiketi za glasi ya bure tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, kwa hiyo wenzetu wameuzoea utaratibu huo tangu enzi za mababu. Yule mama wa kwenye video ana ujanja wa ziada: anaunganisha kuponi ya kiwanda na nyingine iliyotolewa na duka lenyewe kwenye bidhaa moja, tena siku ambayo bidhaa yenyewe iko kwenye ofa. Duka likiruhusu, ni halali kabisa.

Sasa rudia video uangalie toroli. Humo nyanya huzioni, wala maharage, wala nyama ya kupima. Kuponi hutolewa na mwenye chapa, na fungu la mchicha halina chapa. Nyumba ya Mbeya inakula mchele, unga, maharage, viazi, ndizi na mboga. Ukiondoa mafuta, sukari na sabuni, ni nani huyo wa kukuchapishia kikaratasi? Mkulima wa kule milimani Umalila?

Kwa hiyo ukitumiwa WhatsApp ujumbe kwamba supamaketi fulani inatoa vocha ya laki tatu, bonyeza hapa, jaza jina na namba ya simu, sambaza kwa watu kumi, ujue unatapeliwa. Namba ya siri usimpe mtu. Tuendelee.

Punguzo la viwandani hata hapa lipo, ila linapitia mlango mwingine. Mtu wa mauzo anakuja na gari: "Bosi, chukua katoni kumi, ya kumi na moja bure." Hiyo ndiyo kuponi yenu, na imeishia kwangu. Ile katoni ya bure mara nyingi ni faida yangu na sioni haya kusema, maana kuna bidhaa nauza ili tu mteja asiende duka la jirani. Mara nyingine naigawa kwenye bei ili mzigo utembee. Anayefaidi ni anayeuliza: "Hii ina ofa ya jumla?" Wengi hawaulizi, wanasema tu "punguza", na mimi najibu "haipungui".

Njooni majirani watatu wanne mmechanga. Chukueni katoni ya sabuni mkagawane miche nyumbani, au dumu la mafuta la lita 20, mgawane kwa chupa yenye alama na si kwa macho, maana urafiki mwingi umevunjikia hapo. Mwisho wa mwezi ni bora zaidi, kwa kuwa mtu wa mauzo anakimbizana na lengo lake, ananibebesha mzigo, nami nataka utoke. Ofa za "nunua mbili upate kikombe" zinahitaji swali moja tu: bila kikombe ungenunua mbili?

Haya, vipimo. Hapa ndipo mnaponitoa povu. Mtu anasimama kaunta anasema mchele wa kule sokoni ni bei chee kuliko wangu, sado inauzwa kiasi fulani. Namuuliza, kwa kilo inakuwa ngapi? Kimya. Bei isiyo na kilo ni tetesi.

Sado ni kopo la rangi la lita nne. Linapima ujazo, halipimi uzito, na ujazo una mafundi wake. Mwangalie anayepima: akimimina bila kutikisa, punje zinakaa kwa kuachiana nafasi; kopo likitikiswa kidogo, zinashuka, na lile pengo lililojitokeza juu ndiyo hela yako. Ligeuze kopo uone kitako. Makopo mengine yamegongwa kwa nyundo mpaka kitako kimeingia ndani kama sahani iliyofunikwa, na kwa mbele huwezi kugundua. Halafu kuna kilemba. Mteja aliyezoeleka anaondoka na sado iliyojaa hadi mchele unamwagika pembeni. Wewe mgeni unakatiwa kwa kijiti, flati. Mmelipa bei moja, lakini mmenunua vitu viwili tofauti.

Sitasema sado ni wizi siku zote. Sado yenye kilemba kwa mama unayefahamiana naye inaweza kushinda mizani yangu, na mizani nayo huchezewa. Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani, uone mshale uko sifuri kabla mzigo haujawekwa. Kisha fanya hivi mara moja tu: nunua sado yako ya kawaida, ipeleke kwenye mizani ya mtu mwingine, gawa bei kwa kilo. Kilo za sado yako ukishazijua, utagawia bei yoyote utakayotajiwa, iwe Mwanjelwa, Uyole au Mbalizi.

Na msiniambie habari za lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwamba ndiko kuliko na nafuu. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na viazi bado vinashuka kutoka milimani gunia limeshonewa kilemba cha kamba. Kilo za juu amezitoa mkulima bure. Anayenunua gunia amezipata. Wewe unayenunua ndoo hazikufikii, umelipa bei ya ndoo kama kawaida.

Ugonjwa huohuo uko kwenye vya kiwandani. Chupa mbili za mafuta, kwa macho zinalingana. Moja ni lita nzima, shilingi 5,800. Nyingine 5,400, kila mtu anaikimbilia. Soma kwa chini: mililita 900. Hiyo ni 6,000 kwa lita. Umekimbilia ghali. Anayenunua mafuta ya kupimiwa kwa kikombe mara nyingi ndiye analipa zaidi kwa lita, na yule simlaumu, anakula kwa alichopata leo. Namlaumu mwenye mshahara anayenunua vivyo hivyo kwa mazoea.

Maharage ya bei ya kutupa yana siri yake pia. Yaliyokaa sana ghalani yanagoma kuiva, unachochea mkaa nusu siku, na mkaa hauuzwi kwa hisani. Ya njano yaliyovunwa msimu huu yanaiva upesi. Ongeza bei ya mkaa kwenye hesabu. Ongeza na nauli ya bajaji.

Limebaki la kuweka akiba ya msimu, ambalo wataalamu hulisema kwa uhakika kunizidi. Mahindi yetu hushuka bei Julai na Agosti, hupanda Januari hadi Machi, kwa hiyo wanashauri ununue mapema uhifadhi. Kuhifadhi kwenyewe kunawezekana: mfuko wa kinga njaa wa tabaka tatu, ukifungwa vizuri, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, wanakosa hewa wanakufa. Ila mahindi yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, yarudishe juani, la sivyo unatunza sumukuvu, sumu ya ukungu.

Tatizo langu liko kwenye bei. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, soko likajaa, na waliosubiri Januari ipande walibaki wanaangaliana na magunia. Tena nyumba yenye gunia wazi jikoni hupika ugali mkubwa kuliko nyumba ya kununua kilo kilokilo; naliona kwa wateja wangu, na sijaona kitabu kinachoihesabu hasara hiyo. Mimi nanunua mahindi ya kula miezi minne, si zaidi. Ukitaka ya mwaka mzima nitakuuzia, hela ni yako, ila nitakupimia kwa mizani.