Jambo Bwana si wimbo wa kale

Wengi huamini Jambo Bwana ni wimbo wa mababu, hauna mwenyewe. Unaye: Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya Mombasa iliyokuwa ikiwatumbuiza watalii katika hoteli za Pwani. Ulitoka 1982, na mwaka uliofuata Boney M., kundi la disko la Ujerumani, wakatoa toleo lao.

Sikiliza maneno yenyewe: jambo bwana, habari gani, wageni mwakaribishwa. Ni somo la kwanza la Kiswahili, limetiwa midundo. Hata lile jibu la “mzuri” badala ya “nzuri”, linalowakera walimu (na mimi kidogo), halinukii ukale hata chembe. Na wanaodai neno “hakuna matata”, ambalo limo humu humu wimboni, lilizaliwa na katuni ya Disney ya 1994, wahesabu tu miaka.