Kwa nini breki za baiskeli yenye madigadi huwa legevu, na zinaongezwaje nguvu?

Waendesha baiskeli wengi wa nchi za baridi huwa na baiskeli mbili za barabarani: moja nyepesi ya kiangazi, na nyingine ya miezi ya mvua, giza na chumvi barabarani, iliyofungwa madigadi mbele na nyuma. Kila anayetoka ile kwenda hii ana malalamiko yaleyale. Ile ya kiangazi unaigusa breki kwa vidole viwili, inatii. Hii unaikaba kwa kiganja kizima, nayo inaendelea na safari yake kwanza. Lawama zote huangukia madigadi, ilhali madigadi hayagusi breki hata kidogo. Yanadai nafasi tu, na nafasi hiyo hulipiwa na mikono ya breki.

Breki ya kalipa, ile inayoibana ringi pande mbili kama koleo, hushikiliwa na bolti moja juu ya tairi. Kutoka kwenye bolti hiyo hadi mahali mpira wa breki unapogusa ringi, kalipa za baiskeli za mbio huwa na milimita 39 hadi 49. Tairi ya milimita 25 inapita hapo, lakini ukitaka kupenyeza na madigadi kati yake na kalipa, yanakwaruza. Kwa hiyo fremu ya majira ya baridi hutengenezwa bolti ikiwa juu zaidi, na kalipa yake huwa ya milimita 47 hadi 57. Fremu nyingine za zamani hudai hata zaidi ya 60.

Utasema milimita 10 ni kitu gani? Kumbuka kwamba kalipa ni wenzo. Sehemu ya juu inavutwa na waya, sehemu ya chini inasukuma mpira. Ukirefusha ya chini kutoka milimita 45 hadi 55 na kuacha ya juu vilevile, nguvu inayofika kwenye ringi inapungua kwa karibu asilimia 18. Na hasara haijaisha. Chukua rula ya plastiki, ibane ukingoni mwa meza ikiwa imechomoza kidogo, ibonyeze. Sasa ichomoze mara mbili ya hapo, ubonyeze tena kwa nguvu ileile: inapinda vibaya sana. Kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu, kwa hiyo mkono wa milimita 55 hupinda karibu mara 1.8 ya ule wa 45 wenye unene uleule. Ule ulaini wa sifongo unaousikia ukivuta breki, sehemu yake ni mikono ya kalipa inayojikunja badala ya kubana.

Kwa hiyo usinunue kalipa ndefu kuliko unavyohitaji. Gurudumu likiwa mahali pake, pima kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya ukanda wa ringi unaobanwa, mbele na nyuma, maana vipimo hivyo viwili si lazima vilingane. Ukipata 48, kalipa ya 47 hadi 57 itakaa mipira ikiwa karibu na juu ya mwanya wake (ule upenyo wa mkono ambamo mpira hupandishwa na kushushwa), yaani mkono ukiwa mfupi kadiri uwezavyo kuwa. Chagua yenye mikono minene na egemeo mbili, yaani sehemu mbili ambazo mikono inazungukia. Ya egemeo moja ni nyepesi, lakini kwa kawaida hubana kwa nguvu ndogo.

Hayo ni ya chuma. Kwa maoni yangu watu hukimbilia kalipa mpya mapema mno, wakati adui mkubwa wa breki hizi ni maji.

Ringi ikilowa, mpira haugusi alumini. Unagusa utando wa maji, na kazi yake ya kwanza ni kuufuta. Gurudumu la baiskeli ya barabarani husafiri takriban mita 2.1 kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa linazunguka karibu mara nne kila sekunde. Mpira ukihitaji mizunguko mitatu kuikausha ringi, umeshapita zaidi ya mita 6 kabla breki haijaanza kushika sawasawa. (Ringi za chuma zilizong'arishwa kwa kromu ni balaa zaidi, kwenye mvua karibu zinateleza kama sabuni. Ukiwa nazo, badilisha ziwe za alumini kabla ya kufikiria kingine.) Ndiyo maana wazoefu hugusa breki kidogo mara kwa mara wakikaribia njia panda: wanafuta maji mapema.

Aina ya mpira ina uzito mkubwa hapa. Ile ya rangi ya samoni ya Kool-Stop imejijengea jina kwa kushika kwenye maji kuliko mipira mingi myeusi inayokuja na kalipa za bei ya chini. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua mipira. Ukishaifunga, usiisahau. Baada ya wiki chache za mvua, fungua mmoja uutazame juani: utaona vimeremeta vidogo vimezama ndani. Hivyo ni vipande vya ringi yako pamoja na mchanga, navyo vinaikereza ringi kila unapofunga breki. Vichokoe kwa ncha ya sindano nene, kisha piga uso wa mpira kwa msasa hadi ule mng'ao mgumu utoke. Ukiurudisha, acha ncha ya mbele itangulie kugusa ringi kwa nusu milimita hivi, la sivyo breki italia mtaa mzima usikie.

Halafu waya. Chumvi na maji huingia kwenye ganda lake, kutu inashika, na sehemu ya nguvu ya mkono wako inaishia humo. Weka waya usioshika kutu na ganda jipya, likate ncha zikiwa tambarare, uzinyooshe kwa tupa. Ncha iliyopondeka hujikunja kila unapovuta. Onyo moja la lazima: usitumie ganda la waya wa gia. Lile lina nyuzi zilizolala kwa urefu, na mvuto wa breki unaweza kulipasua papo hapo.

Breki za diski huukwepa mjadala wote wa urefu, kwa kuwa zinabana karibu na kitovu cha gurudumu, na madigadi yanapata nafasi yote yanayotaka. Diski pia hukauka upesi. Ila haziwezi kufungwa kwenye fremu na uma visivyotengenezwa kwa ajili yake. Anayenunua baiskeli mpya ya majira ya baridi achukue za diski, na akiweza za mafuta, kwa sababu zile za waya hudai kurekebishwa kila pedi zinapolika.

Anayebaki na kalipa ana ukaguzi mmoja zaidi. Mchanga wa majira ya baridi hula ringi pamoja na mipira. Ringi nyingi huwa na mfuo au kitundu cha alama kwenye ukanda wa breki. Alama ikifutika, ringi imekwisha. Isipokuwa na alama, simamisha rula kukatiza ukanda huo. Ukiona mwanga katikati, ukuta umeliwa na kuwa bonde, na hewa ya tairi inausukuma kutoka ndani. Siku moja utapasuka, tena huenda ukiwa umefunga breki kwenye mteremko. Ringi ya namna hiyo haiongezewi mipira mizuri; inavuliwa.