Wastani wa wageni si idadi ya sahani

Waandaaji wengi wa sherehe hapa Kisumu huamini kwamba ukialika watu 100, na kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 70 kufika, sahani 70 zinatosha. Hiyo 70 ni wastani tu. Karibu nusu ya nyakati wageni huizidi.

Jionee kwenye lahajedwali kama Excel. Andika =IF(RAND()<0.7,1,0) katika seli 100, jumlisha, kisha bonyeza F9 (hukokotoa upya) tena na tena. Jumla, yaani idadi ya wageni waliofika, itapanda na kushuka. Sahani 77 hutosha takriban mara 19 kati ya 20.

Lakini jamaa hufunga safari pamoja, na hapa ndipo bajeti nyingi huvurugika. Wakiwa familia 25 za watu wanne, kila moja ikija nzima au isije kabisa, utahitaji sahani 84 kwa uhakika uleule. Mimi ningepika hizo 84: kumkosesha mgeni ugali na samaki ni aibu nzito.