Je, wajua kwa nini "Bwana" hugeuka "bwaNA" kwenye wimbo wa kanisani?

Kaa Jumapili moja kwenye Kanisa la Mkunazini, mjini Unguja, utege sikio. Kwenye mahubiri padri hutamka BWAna (herufi kubwa ni silabi yenye mkazo), kama anavyotamka kila mtu toka Nungwi hadi Kizimkazi. Kinanda kikilia, watu walewale wanaimba bwaNA. Ukifika wimbo mwingine, yako inakuwa yaKO na meza inakuwa meZA. Sisi wa kwaya tumeshazoea, hatusikii tena. Ni mgeni wangu kutoka Wete aliyeniuliza: "Mbona mkiimba mnasema kama Mzungu wa mwezi wa kwanza?"

Mzungu kweli ana mkono wake humo. UMCA, misheni ya Waanglikana wa Uingereza, ilihamia Unguja mwaka 1864, na Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, alikijua Kiunguja vizuri kuliko wageni wengi wa zama zake. Kanisa la Mkunazini alilijenga palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ibada ikawa ya Kiswahili, na nyimbo pia zikapata maneno ya Kiswahili. Tuni nyingi lakini zilibaki zilezile za Uingereza, na tuni ya Uingereza imeshonwa kwa kipimo cha Kiingereza.

Neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWAna, tumekusaNYIka. Kwa hiyo mstari wetu karibu kila mara huishia kwa silabi nyepesi. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, na tuni zake nyingi huanza kwa pigo dogo na kumalizia kwa pigo kubwa: ndogo-kubwa, mara nne, noti nane. Sasa chukua mstari wa mizani nane, yaani silabi nane, "Tumekusanyika, Bwana", uuweke juu ya tuni hiyo. Pigo kubwa linaangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Utasikia tuMEkuSAnyiKA bwaNA. Mizani imetimia, hakuna silabi iliyozidi wala kupungua, na bado mkazo umekwenda mrama kila mahali.

Hapo ndipo mtu anaweza kudanganyika. Washairi wetu nao huhesabu mizani; utenzi una nane kwa kila kipande, shairi nane kwa nane. Lakini sauti ya utenzi imekulia ndani ya lugha, na msomaji hulivuta neno pale linapokubali kuvutwa. Tuni ya kigeni haivutiki hivyo, hasa kinanda kikiwa kinakokota watu mia mbili.

Ziko tuni zinazoanza na pigo kubwa. Mstari uleule hapo unakaa sawasawa: TUmeKUsaNYIka BWAna. Shida ni kwamba nyingi za aina hiyo hufuatisha mstari wa nane kwa mstari wa saba. Ukiweka "Mbele ya meza yako", unapata MBEle YA meZA yaKO. Mwanzo mzuri, mwisho umeteguka.

Wepesi wa kusamehe unatokana na Kiswahili chenyewe, maana mkazo ni nadra kubadili maana. Wote tunazijua baraBAra ya magari na baRAbara ya "sawasawa", lakini jozi za namna hiyo ni chache mno. BwaNA hatageuka mtu mwingine.

Ufinyu wa nafasi nao umeacha alama. "Upendo" pekee unakula noti tatu, na "neema" vilevile. Mfasiri aliyepewa noti nane alilazimika kubana, na Kiunguja kilimpa njia: "tunakusifu" ni silabi tano, "twakusifu" ni nne. Ndiyo maana nyimbo za zamani zimejaa twaja, twaomba, nakulilia. Vijana huona ni lugha ya kanisani. Bibi zao waliongea hivyo sokoni.

Kero yangu binafsi ni "nchi". Mkazo wake uko kwenye N, silabi isiyo na irabu. Ikiangukia noti ndefu, sauti ya nne nzima (besi) inabaki kunguruma na ulimi umebanwa kwenye kaakaa.

Kule Minara Miwili, kwa Wakatoliki, mambo yalikwenda kivingine. Misa ilikuwa ya Kilatini hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu (1962–1965), ulipofungua mlango kwa lugha za wenyeji. Watunzi wakaanza na maneno ya Kiswahili, tuni ikafuata, kama mtunzi wa taarabu afanyavyo na shairi. Huko BWAna anaimbwa BWAna.

Sisi na vitabu vyetu vya zamani tuna ujanja mmoja. Mwalimu wa kwaya huigawa noti ya mwisho mara mbili na kuupindua mstari: "Ee Bwana, tumekusanyika". Silabi tisa kwenye nafasi ya nane: ee BWAna TUmeKUsaNYIka. Ile "ka" inadondoka mwishoni kabisa, nyepesi. Tulipoijaribu mazoezini, wazee wawili wa sauti ya tatu waliendelea na bwaNA hadi mwisho, na hakuna aliyethubutu kuwasahihisha.