Ukisema "blogu" mlangoni

Kila ufunguzi wa maonyesho hapa Dar kuna meza mlangoni, kuna dada mwenye karatasi ya majina, na kuna swali lile lile, "kaka wewe ni wa chombo gani?" Mi nasema naandika blogu. "Aaah, blogu," anasema, halafu anafunua ukurasa wa pili, ule wa wageni wengine, ndo nilipo mimi pamoja na dereva wa balozi fulani. Wa magazeti na tivii wanakaa mbele, wanapewa katalogi, na wakati wa kuondoka wanapewa bahasha ya nauli. Sijasema wote wanachukua. Nasema bahasha ipo.

Naandika kuhusu picha za kuchora miaka zaidi ya kumi sasa, ila kinachonilisha ni fremu. Nina kibanda maeneo ya Mwenge, kwahiyo watu wa sanaa mi nawajua kwa kuanzia nyuma ya picha, huko kwenye misumari na vumbi. Vijana wananitumia meseji "bro nifanyeje galari zinichukulie siriasi" na jibu langu la meseji huwa haliwatoshi, basi leo nieleze kwa kirefu kidogo wanavyotuona, na kwa nini.

Kwanza neno lenyewe. Bongo blogu ilizoeleka kwa picha za matukio. Issa Michuzi alipoanza ya kwake 2005 tayari alikuwa mpiga picha wa magazeti, watu wakaipenda, wakaigiza, na ikawa blogu ni sehemu ya kuona nani kakata utepe, nani kakaa na nani, nani kapendeza. Jamaa alifanya kazi yake vizuri, lawama sio zake. Ila matokeo ndo haya, galari ikisikia mwanablogu inaelewa mpiga picha wa shughuli. Wanakupanga usimame pale mgeni rasmi atakapopita, sasa wewe ukiwaacha wanapiga makofi ukaenda kuinamia picha kuangalia rangi imepasukaje kwenye kona, wanakuangalia kama umekosea msiba.

Halafu 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu ajisajili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, laki moja ya maombi, milioni ya leseni, na milioni ya kila mwaka. Sasa mtu anayeandika kuhusu michoro, matangazo yanamwingizia hela ya vocha tu, hiyo milioni angeitoa wapi? Wengi tulifunga. Mi mwenyewe nilikaa kimya muda mrefu tu. Waliobaki wakahamia Insta, na uhakiki wa sanaa ukageuka kuwa picha moja na vimoto vitatu chini yake.

Ukirudi kuandika unakuta wanakupima kwa vitu ambavyo havihusiani na ulichoandika. Folowazi wangapi. Nani mwingine keshakualika. Na lugha, hapa ndo panauma. Katalogi nyingi za hapa zinatoka kwa Kiingereza, mara nyingine Kifaransa, hata kama mchoraji ni wa Mbagala na picha inahusu daladala. Kuna mchoraji nilimwandikia posti ndefu, nikasema rangi zake zinanikosha ila mikono ya watu wake wote imefichwa, mifukoni, nyuma ya mgongo, chini ya kanga, na nikamwuliza waziwazi kama anakimbia kuchora vidole. Akanipigia, "kaka posti kali sana, nitafsirie kwa Kiingereza niiambatanishe kwenye maombi ya residensi," yani nafasi ya kwenda kukaa na kuchora sehemu kwa muda. Nikatafsiri. Ilipofika kwenye faili lake zimebaki sentensi mbili za kusifia, vidole vimekatwa. Simlaumu sana, fomu zile zina sehemu ya "vyombo vya habari vilivyokuandika" na asipojaza anaonekana hajulikani. Ila elewa hapo posti imegeuka nini. Imekuwa muhuri, na muhuri hausomwi, unagongwa tu.

Msifikiri huko nje ni tofauti sana. New York 2009 jumba la New Museum lilitangaza litaonyesha mkusanyiko wa Dakis Joannou, na huyo Joannou alikuwa mdhamini kwenye bodi ya jumba hilo hilo, na msimamizi wa maonyesho akawa Jeff Koons, msanii ambaye kazi zake zimejaa kwenye mkusanyiko huo huo. Waliopiga kelele mapema ni watu wa blogu, kina Tyler Green na James Wagner, magazeti makubwa yakafuata. Maonyesho yalifanyika tu 2010 kama yalivyopangwa. Ila swali la nani anafaidika picha ikipata hadhi ya makumbusho lilishatoka nje, na lilitoka kwa watu ambao hawakuwa na bosi wa kuwaambia "hebu liache hilo, yule anatupa tangazo".

Karibu na kwetu kuna ile aibu ya Kenya kule Biennale ya Venice, Italia, maonyesho makubwa ya sanaa ambayo nchi zinakuwa na mabanda yao. 2013 Kenya inapata banda la taifa, unafungua orodha ya wasanii unakuta wengi ni Wachina, na Mtaliano mkazi wa Malindi. Wakenya wanahesabika kwa vidole na vinabaki. 2015 orodha ikatoka tena, hadithi ile ile. Hapo mtandao uliwaka, wasanii wa Nairobi wakaandika, watu wakasaini malalamiko, mchoraji Michael Soi akachora kabisa mfululizo wake wa kuikejeli ile aibu, mpaka waziri wa wakati ule Hassan Wario na serikali yake wakalikana banda. Na mwaka huo huo Wangechi Mutu alikuwa Venice, kwenye maonyesho makuu yaliyosimamiwa na Okwui Enwezor! Yani Mkenya yupo jumba kuu, banda la Kenya limejaa wasio Wakenya. Mi sikusubiri mhakiki mwenye digrii anieleze kuwa hapo pana tatizo, orodha ya majina ilitosha. Ndo maana nikisikia kyureta, yani msimamizi wa maonyesho, anasema watu wa mitandaoni "hawana vigezo" huwa namkumbusha kuwa banda lile lilikuwa na makyureta.

Asa tusijisifu sana. Upande wetu pia una uozo, na naanza na wangu. Naandika kuhusu watu ambao nawatengenezea fremu. Kuna mteja mmoja mkubwa, maonyesho yake nilifanya fremu karibu zote, zile picha zilikuwa zimepoa kabisa, kama zimechorwa na mtu anayeangalia saa, na mimi nikaandika "kazi yenye utulivu". Utulivu! Mke wangu ndo aliyenicheka. Toka siku hiyo juu ya kila posti naweka mstari mmoja, fremu za maonyesho haya nimetengeneza mimi nimelipwa, au sijatengeneza, au nauli nimejilipia. Galari mbili ziliniambia mstari huo "unaharibu mwonekano", moja haijanialika tena. Wasomaji kwa upande wao wakaanza kunibishia vizuri zaidi, maana wanajua pa kunishuku ni wapi.

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui. Watu wale wale wanaotudharau mlangoni wanatuhitaji sana dukani. Mwaka juzi jamaa mmoja wa kuuza picha kaja kibandani na chui, mraba wa futi mbili hivi, hadibodi, rangi ya kung'aa, pembeni kabisa imesainiwa E. S. Tingatinga. Mnajua Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa michoro yenye jina lake, alianza kuchora 1968 na akafa 1972, kwahiyo picha zake za mkono wake mwenyewe ni chache na bei yake sio ya chui wengine. Anataka fremu nyeusi, na nyuma ifunikwe karatasi ya kaki, safi.

Nikaigeuza. Nyuma ya hadibodi kuna ule upande wa vinyavunyavu, kama alama za chekecheke, na kwenye bodi ya zamani vile vijishimo vinashika vumbi la mafuta, unapitisha kidole hakitoki bure, na kingo zinakuwa nyeusi na zimelika. Hii kidole kilitoka kikavu, kingo zina rangi ya mkate, na nilipoinusa kwenye kona bado inanuka rangi. Nikamwambia hii haina hata miaka mitano. Hakukataa. Akasema, "fundi, we ndo unaandika ile blogu eh? Iandikie ka-posti, sema umeiona, useme ni ya zamani. Wazungu wakiambiwa kitu wanagugo." Akanipa bei ya posti. Ilikuwa mara tatu ya bei ya fremu.

Posti nilikataa. Fremu nilikuwa nimeshapokea advansi, na mwezi ule kodi ilikuwa imefika, nikaimaliza kama alivyotaka.

Miezi kadhaa baadaye nimepita kwenye duka lake, chui yuko ukutani, na pembeni yake kuna karatasi imeprintiwa na kulaminetiwa, posti ya blogu nyingine, ya kijana nisiyemjua, "kazi adimu ya mwasisi". Mteja mmoja alikuwa anaisoma taratibu. Akaomba aione na nyuma, jamaa akaiteremsha bila wasiwasi wowote, akaigeuza, na pale nyuma kulikuwa na karatasi yangu ya kaki, imenyooka, stepuli zimepangwa vizuri pande zote nne.